Kicheko Kilichomwagika Njiani

Kila jioni mama yake Kasuku alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akamsomea mwanawe vichekesho vipya. Mama alikuwa mtayarishaji na mwongozaji wa mchezo wa kuchekesha wa televisheni, na binti huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Ya humu yaishie humu," mama alimwonya. Lakini jina la Kasuku hakupewa bure.

Siku darasa lake lilipoalikwa studio kuwa watazamaji, mdomo ulimwasha. Ndani ya basi akawasimulia wenzake mchezo wote, hata pale fundi bomba anapojifungia bafuni. Basi zima likaangua kicheko.

Studioni, Mjomba Kibonge, mwigizaji mkongwe aliyecheza fundi bomba, akajifungia bafuni, akachungulia dirishani, akangoja kicheko. Kimya. Mtoto mmoja akapiga miayo. Wakarudia, mambo yakazidi kuharibika.

Wakati wa mapumziko Kasuku alimkuta Kibonge nyuma ya pazia, ameketi na mama, jasho linamtiririka.

"Dada, nimekwisha," alisema Kibonge. "Watoto hawajui kudanganya. Tafuta mwingine."

Mama akashusha pumzi. "Labda kweli umechoka, kaka yangu."

Kasuku alijiona mwizi. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mzee wa watu anaacha kazi kwa kosa lisilo lake!

"Si yeye, mama. Ni mimi. Niliwasimulia yote kwenye basi."

Mama aliinuka, akampa mgongo, na hilo lilimuuma kuliko kofi. Kibonge ndiye aliyeuliza, "Huko kwenye basi, walicheka?"

"Mpaka dereva akasimamisha gari."

"Kumbe kicheko kilimwagika njiani! Basi bado nimo," akasema, akajifuta jasho.

Ilibidi wafanyakazi wote wa studio warudi kesho yake, siku yao ya mapumziko. Kasuku aliwaomba radhi mmoja mmoja, kuanzia wapiga picha hadi mafundi wa taa. Wauguzi wa hospitali ya jirani waliotoka zamu wakaalikwa kutazama, wakacheka hadi kushika mbavu. Kasuku peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa.

Wakiwa njiani kurudi, mama alisema, "Uligawa jasho la watu bure, mwanangu. Nimekasirika, sikufichi. Lakini kosa likifichwa, mzigo wake hubebwa na asiyelitenda. Wewe umeutua kabla haujamvunja mtu mgongo."

Kwa muda mrefu mama hakumsomea kitu. Kisha jioni moja akavua viatu, akaketi, akafungua karatasi zake.

"Ya humu?" akauliza.

"Yaishie humu," akajibu Kasuku, na safari hii yakaishia humo.