Mshumaa wa Anthelme

Wewe umewahi kuonja kitu kikakuuliza swali?

Si kukuchoma koo. Si kukupanda kichwani. Kukuuliza swali, kwa sauti ya mtu unayemjua, kisha kikanyamaza kusubiri jibu.

Sidonie Arbessier yalimkuta. Na Sidonie si mtu wa mizimu. Ni mwalimu wa kemia, mtu wa kudai vipimo kwanza, habari baadaye.

Jioni hiyo ya Machi, jua likiwa limeshajificha nyuma ya milima ya Maurienne, Ufaransa, alitumwa kazi ndogo tu: ashuke chumba cha mapipa chini ya nyumba ya marehemu baba yake, ajaze jagi mvinyo mwekundu, apande nalo. Aliyemtuma ni baba yake mdogo, Gaspard. Kesho asubuhi Sidonie angetia sahihi, na mistari saba ya mizabibu ya baba ingekuwa ya Gaspard. Naye alishasema: angeing'oa yote.

Mizabibu yenyewe ni ya Persan, zabibu nyeusi ambazo siku hizi hata Wafaransa wengi hawazijui. Huzaa kidogo, huugua upesi. Mzee Anthelme, babaye Sidonie, alikataa kung'oa hata shina moja. Kisha, msimu wa mavuno wa mwaka juzi, akakutwa amekufa ndani ya tangi la mbao, amepiga magoti kwenye maganda ya zabibu.

Hewa ndiyo iliyomuua. Zabibu zikichachuka hutoa hewa nzito, inatuama tangini, huioni. Ukiivuta mara mbili umekwisha. Ndiyo maana kila mtoto wa bonde lile anajua kwamba mshumaa hutangulia. Unateremshwa kwa waya kabla ya mtu kuingia tangini kukanyaga zabibu. Ukizimika, mtu anabaki juu. Anthelme, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, alihitaji wa kumtazamia: yeye huuliza, aliyeshika waya humjibu.

Lakini siku ile haukukutwa mshumaa. Haukukutwa waya. "Alikuwa peke yake, kasahau. Uzee," watu wakasema. Gaspard alisema yeye alikuwa kwenye ng'ombe. Na Sidonie, ambaye alifundishwa mshumaa kabla ya kufundishwa kusoma, aliyameza maneno hayo mwaka na nusu kama mwiba wa samaki. Kama baba alisahau, hakuna la kugombania. Atie sahihi, yaishe.

Kama hakusahau…

Alishuka.

Baridi. Harufu ya mbao iliyolowa. Pipa lilikuwa palepale, kando ya tangi tupu. Ndani yake, mvinyo wa tangi lilelile alimofia baba. Watu walitaka umwagwe. Gaspard akaukamua, akautia pipani, akapiga kizibo, asirudi tena. Tangu hapo hakuna aliyeligusa. Na pipa lisipoongezwa kila wiki hupungua, kwa sababu mbao nazo zinakunywa. Sidonie alitarajia kukuta pengo la mkono mzima.

Aling'oa kizibo.

Lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

"Nani anakuongeza wewe?" alinong'ona, kisha akajichukia kwa kunong'ona.

Nyuma yake, ndani ya tangi kavu… tone.

Kisha tone jingine.

Alijaza jagi. Hakukimbia. Alitembea upesi sana.

Juu, mezani, palikuwa na jibini, soseji, na Madam Quenot, mwonjaji wa mvinyo kutoka mjini, ambaye Gaspard alimwalika aupambe mvinyo wa marehemu kwa maneno mazuri, upate kuuzika ghali. Madam aliizungusha glasi. Akainusa. Akafumba macho kama anayepigwa picha.

"Maua ya urujuani… ngozi ya tandiko… huzuni ya mlima."

"Huzuni ya mlima ina ladha gani, Madam?" Sidonie aliuliza.

"Inataka ulimi, mpenzi. Si kila mtu anao."

"Wangu ninao. Nautumia kwa soseji."

Gaspard alicheka kwa nguvu. Lakini glasi yake hakuigusa.

Madam Quenot akanywa. Kicheko cha Gaspard kilikuwa bado hewani, mara Madam akaiweka glasi chini.

"Nani amezima mshumaa?"

"Mshumaa gani?" alisema Gaspard. "Hiyo taa ya umeme huioni?"

"Naonja utambi. Utambi uliozimwa sasa hivi." Akajifuta ulimi kwa kitambaa cha meza. Urujuani na tandiko vilikuwa vimemtoka kabisa.

Sidonie akanyanyua yake. Plamu chungu. Pilipili. Kisha moshi, mwembamba, baridi. Kisha, kati ya ulimi na kaakaa, pumzi na sauti ya baba…

*Unawaka?*

Akaiweka glasi chini, akaisogeza ya Gaspard karibu naye.

"Onja, Baba mdogo."

"Tumbo langu leo…"

"Tumbo lako limemaliza nusu ya soseji."

"Usinichezee, Sidonie."

"Basi twende chini. Mshumaa mmoja tu. Tangi ni kavu, halijaona zabibu miezi kumi na minane. Hewa mbaya itoke wapi? Ukiwaka hadi chini, kesho natia sahihi bila neno."

Gaspard alimtazama. Akatazama mlango. Mistari saba.

"Haya," alisema. "Upuuzi wa wasomi."

Madam Quenot tayari alikuwa anatafuta koti lake.

Chini, Sidonie aliwasha kipande cha mshumaa, akakifunga kwenye waya, akampa Gaspard. "Shika wewe."

Waya ukashuka. Mwali ulisimama wima, bila hata kutikisika. Ukingoni. Usawa wa kichwa cha mtu. Usawa wa kifua…

Ukazimika.

Hapakuwa na upepo. Na moshi haukupanda. Ulishuka, polepole, kama unaovutwa puani.

Kisha, kutoka chini, sauti ya mtu asiyeona vizuri, anayeyategemea macho ya mwenzake:

"Unawaka?"

"Unawaka, kaka, shuka tu!"

Gaspard alijibu upesi, kwa uchovu, kama aliyechoka kushika waya. Hakufikiri. Jibu lilimtoka kwa sababu lilishawahi kumtoka.



Sidonie hakutazama tangi. Alimtazama yeye.

"Si ulikuwa kwenye ng'ombe, Baba mdogo?"

Waya ulikuwa umekaza mikononi mwa Gaspard. Mtu, au kitu, alikuwa ameushika upande wa pili, anauvuta kwa upole, bila haraka. Ulimkata vidole, na hakuuachia. Au hakuweza. Uliinamisha kichwa chake hadi ukingoni mwa tangi, na alipozungumza hakuzungumza na Sidonie. Alizungumza na giza.

"Nilikuwa hapa. Mshumaa niliutia mfukoni baadaye, bado wa moto…"

Waya ukavutika tena. Kidogo tu.

"Ulizimika, Anthelme. Ulipofika kifuani ulizimika, nikauona kwa macho yangu. Ukaniuliza. Nikakwambia unawaka."