Sauti ya Bundi

Seva ilikuwa imeibwa, betri imeachwa.

Inspekta Nereida Quiala alisimama juu ya paa la Yordenis Pupo, jua likimchoma kisogo, akaitazama ile betri. Ilikuwa betri ya lori, nzima, imejaa chaji. Hapa mjini Holguín, kwa mgao huu wa umeme unaotutoa roho, betri ya namna hiyo unabadilishana na nguruwe mnono na bado utaambiwa umepunjwa. Mwizi alikuwa ameiruka, akachukua seva yenyewe, kompyuta kuukuu isiyo hata na kifuniko.

"Aliyepanda hapa si mwizi," alisema.

"Ni mwizi, ndugu Inspekta. Kaniibia."

Yordenis alikuwa jitu la miaka thelathini na kitu, na wote walimwita Pweza kwa sababu ya kebo zilizotoka kwenye paa lake kwenda kila upande. Zilipita paa hadi paa, mtaa hadi mtaa, bila kugusa intaneti yoyote. Vijana walizitandaza wenyewe ili wapate kucheza pamoja. Mtandao huo haukuwa halali wala haramu; ulikuwepo tu, na tuseme ukweli, watoto wa polisi nao walikuwamo. Hata hivyo Pweza alikuwa amejishauri sana kabla ya kupiga simu kituoni.

Sajini Leyva alipiga magoti akipaka unga wa alama za vidole. Alama zilikuwa tele, za mafundi na za kila aliyewahi kupanda kuomba kebo, kwa hiyo hazikufaa kitu. Ngazi ilikuwa ya nje, mlango hauna kufuli. Hakuna waya uliokatwa.

"Uliibiwa saa ngapi?" Nereida aliuliza.

"Jana mchana. Nilikuwa foleni ya kuku."

"Nani alijua uko foleni?"

"Kuku walikuwa wamefika, ndugu. Nani hakuwa foleni?"

Hilo lilikuwa kweli. Siku kuku wakifika dukani, hata mgonjwa hunyanyuka. Mtu angeweza kupita na seva ndani ya gunia, na wote wangemuuliza tu kama bado wamebaki wengi.

"Umejuaje ilikuwa mchana?"

"Waliokuwa ndani ya mchezo waliona tangazo: dunia inafungwa, rudini nyumbani kwenu. Tangazo hilo halitokei ukichomoa waya tu. Linatokea ukiizima kwa utaratibu."

"Na ukichomoa tu?"

"Unaiharibu dunia."

Nereida alitikisa kichwa taratibu. Mtu aliyeingia kuiba alikuwa ametulia hapa juani, akasubiri wageni waage, akafunga mlango ndipo akaondoka. Wezi wa Holguín hawana adabu kiasi hicho.

Alimwambia Pweza amweleze hiyo dunia yenyewe, naye akaeleza huku mikono yake mikubwa ikijenga hewani. Wachezaji walikuwa wameijenga Holguín upya, tofali kwa tofali, bustani na maduka, hata bomba linalovuja penye kona ya shule ya zamani. Hakuna aliyewalipa. Kila mmoja alikuwa na kiwanja na nyumba. Mtu akihama nchi, siku ya mwisho anaingia, anatembea mtaani, anafunga mlango wake kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake wanasimika mienge mbele ya nyumba. Nyumba hiyo haiguswi tena.

"Mtaani kwangu kuna mienge mingi kuliko watu," Pweza alisema. "Lakini huko angalau nyumba zimebaki. Huku nje wanazigawa kwa watu wengine."

Nereida aliona ni upuuzi, na uso wake haukuficha. Watu wazima kujenga mji wa hewa wakati huu mwingine unabomoka juu ya vichwa vyao. Alimuuliza kama ana maadui.

Pweza alicheka bila furaha. Maadui alitarajia kuwapata Jumapili. Tangu mwanzo watu waliongea kwa maandishi tu, na ulaghai ulikuwa umezidi: baba wa watu alijifanya msichana miezi mingi, akala zawadi za vijana. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba kuanzia Jumapili kila mtu aongee kwa sauti yake. Asiyetaka, hana kiwanja.

"Wote walikubali?"

"Wote isipokuwa mmoja. Bundi."

"Alisema nini?"

"Aliomba. Bundi haombi kitu, lakini safari hii aliomba. Alisema kuna watu ambao maandishi ndiyo yote waliyo nayo."

"Na jana mchana, lile tangazo lilipotoka, Bundi alikuwamo?"

Pweza alijibu polepole. Bundi alikuwamo kila mchana. Jana hakuwamo.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Sijawahi kumwona. Tuko maelfu. Zamani alikuwa mchokozi, mdomo mchafu, utacheka mpaka ulie. Halafu akapotea miezi kadhaa, akarudi ametulia. Hatukani tena. Asubuhi anamwagilia bustani za watu. Vijana wakigombana na wazazi wao, wanakwenda kukaa kibarazani kwake."

"Hamkumuuliza kilichompata?"

"Ndugu Inspekta, hapa nani hajapatwa na kitu?"

Alipoulizwa Bundi anakaa wapi, Pweza hakujua nyumba, ila alijua umeme wake. Hilo kila mchezaji hulijua kwa mwenzake. Laini ya tatu ya mgao wa umeme ikikatwa, Bundi hupotea katikati ya neno, na sentensi anaimalizia umeme ukirudi. Na watu wa laini ya tatu karibu wote walipata kebo kutoka paa la Edelmira Feria.

Nereida alishuka ngazi. Simu yake ikalia kidogo mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mwanawe Osniel, kutoka Tampa, ng'ambo ya bahari: *Niko salama mama, kazi nyingi, busu.* Ulifanana na wa wiki iliyopita, na wa kabla yake. Tangu aondoke alikuwa hapigi. Mama polisi, mtoto mtoro. Mazungumzo ya simu yangeanza wapi? Alijibu *Busu* kama kawaida. Yeye naye alikuwa laini ya tatu, na nyumbani kwake hakukuwa na anayemngoja zaidi ya giza.

Edelmira alikuwa akichambua maharage mlangoni. Alikuwa mjane mnene, mwenye maoni juu ya kila kitu, na juu ya mchezo alikuwa nayo mengi. Aliruhusu kebo zipite kwake, ndiyo, lakini aliuonea mtaa huruma. Zamani vijana walikaa hapa ukutani wakicheza domino na kutongozana. Sasa wanatongozana wakiwa kila mmoja chumbani kwake, na jirani anaweza kufa asijulikane.

"Laini yako ina wachezaji gani?"

"Mapacha wa fundi cherehani, wana makelele. Nesi wa ghorofani. Yule bwege wa baiskeli. Basi."

"Kebo ninazoziona ni nyingi kuliko hao."

"Ile nyingine, mwanangu, ni ya mzee Baldomero. Ilikuwa ya mwanawe, Eliécer. Nilitaka kuikata kijana alipoondoka, mzee akakataa. Anasema anaitumia kutazama tamthilia."

"Eliécer aliondokaje?"

Edelmira aliacha maharage. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba aliondoka kwa mashua, kutoka pwani ya kaskazini, yeye na wenzake. Mashua ilionekana imepinduka. Maiti mbili ziliokotwa, na yeye hakuwa mmoja wao.

"Na mzee anatazama tamthilia gani?"

"Sasa umenishika. Sijawahi kumsikia akiisimulia, na tamthilia asiyeisimulia hakuitazama."

Baldomero Almaguer alifungua mlango kabla Nereida na Leyva hawajabisha mara ya pili. Alikuwa mzee mwembamba, fulana imepigwa pasi. Aliangalia sare, akarudi nyuma kuwapisha.

"Karibu ndani, binti. Nitachuja kahawa."

Hakuna mpelelezi anayekataa kahawa, na Nereida aliipokea. Sebule ilikuwa safi mno. Kulikuwa na viti viwili, kimoja kimeinamishwa kwenye meza kama kinavyoinamishwa kiti kisichokaliwa. Kompyuta ilikuwa pembeni. Chini ya meza kulikuwa na kitu cha mraba, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Mzee Baldomero, jana ulipata kuku?"

"Sikupata."

"Lakini ulionekana na gunia."

Hakuna aliyemwona, Nereida alibahatisha. Mzee aliweka kikombe chini.

"Nilionekana na nani?"

"Jumapili ungesema nini, mzee wangu, ukiambiwa uongee?"

Leyva alitoa kalamu, Nereida akamwashiria airudishe.

"Ningenyamaza," Baldomero alisema. "Na wangejua."

"Bundi ni nani?"

"Ni mwanangu."

"Na anayeandika?"

"Mimi."

Kisha akaeleza yote, bila kusukumwa, akitazama kibodi. Eliécer alimwachia neno la siri usiku wa kuondoka. Hakutaka kuufunga mlango wake mchezoni, kwa kuwa kufunga ni kuaga, na kuaga ni kujulisha. Alimwambia tu, baba, ingia mara moja moja ufungue dirisha, nyumba yangu isionekane imetupwa. Baada ya habari za mashua mzee hakugusa mashine. Ilimchukua miezi. Siku moja aliingia kufungua dirisha, kama alivyoagizwa.

"Nilikuwa sijui hata kutembea humo. Nikagonga ukuta. Mara mtu akaja mbio, akaandika: Bundi, ulikuwa wapi, tumekutafuta. Wakaja na wengine. Wote wanafurahi. Binti, nyumba hii tangu msiba hakuna aliyegonga kwa furaha. Nikaandika: Nipo."

"Ndivyo tu?"

"Neno hilo moja. Baada ya hapo sikupata pa kutokea. Kila siku wakimwita, anaitika. Asubuhi anamwagilia maua. Kwangu mimi alikuwa akifa jioni, umeme ukikatika, na anarudi kesho. Kwa sauti hilo lisingewezekana. Jumapili wangemzika, na mazishi yangefanywa na mimi."

"Kwa hiyo ukaichukua seva."

"Niliizima taratibu. Sikuharibu nyumba ya mtu. Nilifikiri nitakaa nayo hapa, niitembee peke yangu." Alivuta kitambaa cha kudarizi, mashine ikaonekana. "Nimeiwasha jana. Inafanya kazi. Mji wote upo, na hamna mtu hata mmoja. Nimezunguka mitaa yote nikamwita. Nilikuwa sijajua upweke mpaka jana."

Nereida alikuja na maneno ya kisheria tayari, wizi, kielelezo, maelezo ya mtuhumiwa, na yote yakamkimbia. Alikuwa akifikiria ule ujumbe mfukoni mwake. Niko salama mama, kazi nyingi, busu. Nani alikuwa anauandika?

Seva ilirudi kwa Pweza jioni ile. Nereida alimweleza yote wakiwa kwenye ngazi, na lile jitu likakaa chini likalia bila kuona haya. Kisha Pweza akafuta malalamiko. Kuhusu Jumapili hakutaka kumshurutisha mzee. Aliagiza aambiwe kwamba kiwanja ni chake kwa vyovyote. Baldomero alisikia salamu hizo, akauliza jambo moja tu.

"Jumapili utakuwa kazini?"

"Hapana."

"Basi njoo ukae nami. Sina mwingine."

Jumapili Nereida alikwenda bila sare. Mzee alikuwa amekiinua kile kiti cha pili, akamkalisha. Alivaa kichwani vifaa vya Eliécer vya kusikilizia, vikubwa kwake. Kwenye skrini mtaa ulikuwa umejaa, na sauti za watu zilitoka kwa mara ya kwanza, za kike, za kiume, za kitoto, wakitaniana kwamba fulani anaongea kama bata. Mtu akauliza Bundi yuko wapi, aongee tumsikie. Kelele zikapungua.

"Mimi si Bundi," Baldomero alisema. "Mimi ni baba yake. Bundi alikufa maji mwaka jana. Jina lake Eliécer. Nisameheni, nilitaka..."

Skrini ikazimika. Feni ikasimama, na mtaa wote ukapiga ule mguno wake. Laini ya tatu.

"Wamesikia?" mzee aliuliza.

"Sijui."

Walikaa. Nje watu walitoa viti barazani. Mzee hakuvua vile vifaa masikioni, na Nereida hakumwambia avivue. Mara moja mzee alisema kwamba kijana alikuwa hapendi vitunguu.

Umeme uliporudi jua lilikuwa bado halijatua vizuri. Mji ulijijenga taratibu kwenye skrini. Mbele ya nyumba ya Bundi hapakuwa na nafasi ya kukanyaga. Walikuwa wamejaa hadi kona ya bomba linalovuja, kila mmoja na mwenge, na sauti zikiwa wazi hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wamesubiri muda wote ule.

"Mjomba Baldomero," ilikuja sauti ya Pweza. "Kwa desturi mwenye nyumba ndiye anayefunga mlango. Kama hutaki, tutasubiri siku nyingine."

"Mwenye nyumba hayupo," mzee alisema. "Mimi nitamfungia."

Alisogea mbele vibaya vibaya, akagonga ukuta, akarudi. Akaufunga. Mienge ikaanza kusimikwa mmoja mmoja, na Baldomero akaweka mikono yake usoni, akamlilia mwanawe kama anavyoliliwa mtu msibani, kwa sauti.

Nereida alirudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni kwake hakuingia. Alitoa simu, akausoma tena ule ujumbe, halafu akapiga namba ya Tampa. Iliita sana. Alikuwa karibu kukata.

"Mama?" Sauti ilikuwa nzito kuliko aliyoikumbuka, na yenye hofu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ongea tu."

"Niongee nini?"

"Chochote," alisema, akakaa kizingitini. "Nakusikiliza."