Soja wa Simu

Siku Jelagat alipokutana na Lewis Karanja, alidhaniwa kuwa bawabu.

Ilikuwa Jumamosi mjini Nakuru, ghorofa ya kwanza ya jengo lililojaa mafundi wa nguo, cherehani zikipiga kelele kila upande na wazazi wakigombania sare za shule. Jelagat alijipenyeza akiwa na mfuko wa karatasi, akatoa shati jeupe lenye vishikizi mabegani. Lilimpwaya kama joho la kwaya.

"Punguza hapa kwa mbavu, na mikono pia."

Fundi alikuwa kijana mrefu, tepu ya kupimia shingoni, shati lake la buluu limenyooshwa kwa pasi hadi kola. Alishika yale mabega, akatabasamu.

"Sawa, soja. Unalinda wapi, benki ama supermarket?"

Wateja wawili wakacheka. Jelagat, ambaye alikuwa ameajiriwa majuzi tu kuwa rubani katika kampuni ndogo ya ndege kule Nairobi, aliingiza mkono mfukoni, akatoa mistari yake miwili ya dhahabu, ya cheo cha rubani msaidizi, na kuiweka juu ya cherehani.

"Nalinda watu hamsini wakiwa hewani."

Lewis aliitazama mistari, akamtazama mwenye mistari, akamrudishia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi wewe ni soja wa juu. Kuja Jumatano utapata iko tayari."

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Jelagat alilijua hilo, na Jumatano alikuja.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla ya mwezi kwisha, hata muuza vifungo wa pale ghorofani alikuwa akimwita Jelagat shemeji. Jina la soja nalo likamganda, na yeye hakutaka liondoke.

Miezi michache baadaye alimaliza mafunzo: wiki sita darasani, kisha mashine ya kuigiza urubani, kisha safari ishirini na tano kando ya kapteni mkali aliyemsahihisha hata alivyofunga mkanda. Akafaulu. Ndipo wakampa kazi ambayo hakuna aliyemtajia alipokuwa mtoto Rongai akikodolea macho ndege juu ya mahindi ya baba yake, yaani zamu ya akiba. Marubani wapya wote huanzia hapo. Unakaa na simu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni, ukingoja mwenzako augue au akwame mahali. Ikilia, uwe umefika uwanjani Nairobi kabla saa mbili hazijaisha. Isipolia, basi umekaa.

Jelagat alipima barabara. Nakuru ilikuwa mbali mno. Naivasha ilifaa, kwa shida, siku ambayo malori yana huruma. Akapanga chumba Naivasha, mwisho wa mji, upande unaoelekea Nakuru, kana kwamba hizo hatua chache zingemfikisha kwa Lewis.

Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la gesi, kiti kimoja, na ukutani picha kubwa ya karatasi inayoonyesha mbele ya ndege, kila swichi mahali pake. Kila asubuhi alikaa mbele ya karatasi hiyo akigusa swichi zisizobonyea, mikono isije ikasahau. Shati lilining'inia mlangoni, limepigwa pasi. Majirani walikwenda kwenye mashamba ya maua na kurudi, wakamkuta pale pale. Siku nyingine sauti yake mwenyewe aliisikia mara ya kwanza saa sita mchana, akimshukuru mama wa mboga. Alikuwa mpweke, na upweke wa kungoja ni mbaya kwa sababu hauruhusiwi hata kwenda mbali kutembea.

Lewis alipiga kila mchana.

"Soja wangu, umekula?"

"Nimekula, Lewi."

"Nini? Usiniambie ni chai na mkate."

"Basi sikuambii."

"Na unanimiss mimi ama unamiss ndege tu?"

"Lewi, nakata. Hii laini lazima ikae wazi."

"Hata dakika mbili hazijaisha."

"Najua. Nakata."

Rubani mpya mwenzake mmoja alikosa simu ya ofisi akiongea na mama yake, akaandikiwa barua. Jelagat hakutaka barua.

Kisha mama yake Lewis akataka kumwona mkwe mtarajiwa, Jumapili, chakula cha mchana. Jelagat alikuwa na mapumziko siku hiyo, na Lewis akamshonea gauni la kijani kibichi lenye mikono mifupi. Ijumaa ofisi ikabadilisha ratiba. Jelagat akatuma ujumbe: "Pole sana, Jumapili niko kazini."

Jumapili ilipofika, gauni lilimtazama kutoka kwenye msumari hadi akashindwa kuvumilia. Akalivaa, akaenda kwenye mkahawa wa karibu, akaweka simu kando ya sahani na kula chipsi peke yake, polepole, ili mchana uishe.

Jioni zamu ilipokwisha, alipiga.

"Kazi ilikuwaje?" Lewis aliuliza.

"Nilikaa tu."

"Eeh, najua. Natalie alikuona." Natalie alikuwa binamu yake, mfungaji wa maua pale Naivasha. "Umevaa ile dress ya kuona mathe, unakula chips. Mathe alichinja kuku wawili, Jelagat. Ulisema uko kazini."

"Nilikuwa kazini."

"Ya kukula chips?"

"Ya kungoja."

"Mimi nikiwa kazini, shati inaonekana. Kama unaona haya kuolewa na fundi, si ungesema tu."

Jelagat alianza kueleza. Kabla hajafika popote, Lewis alikuwa amekata. Hakuwa amewahi kukata yeye kwanza.

Siku kumi na tisa zikapita. Laini ilikaa wazi mchana kutwa, kama kampuni ilivyotaka, na hapakuwa na aliyeihitaji. Siku ya ishirini Jelagat aliandika: "Kuja uone kazi yangu. Siku moja tu."

Lewis alifika Jumanne saa mbili asubuhi, amenuna, mkononi ana mkebe wa chakula.

"Mathe amesema hii ni ya soja," alisema, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Hiyo simu inalia saa ngapi?"

"Hailii."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja."

Kufikia saa nne alikuwa akitikisa mguu. Kufikia saa sita alikuwa ameshahesabu vigae vyote. Alimwona Jelagat akienda msalani na simu, akila amesimama, akigeuka kila simu ya jirani ilipolia. Saa nane akaacha kutikisa mguu.

"Ni hivi kila siku?"

"Kila siku ya zamu."

"Pekee yako?"

Jelagat aliitikia kwa kichwa, machozi yakamshinda. "Nilivaa ile dress sababu nilitaka kuwa kwenu, Lewi. Hata kama ni kwa nguo tu."

Lewis alimvuta karibu. "Pole, mpenzi. Nilikuwa mjinga. Mjinga na tepu kwa shingo."

Jelagat akacheka katikati ya kilio. Ili asirudie kulia, alimkalisha upande wa kushoto, ule wa kapteni, kitandani, akampa orodha ya ukaguzi. Lewis asome, yeye aguse ukutani na kujibu.

"Na mtu akikukatiza katikati?"

"Huwezi acha hapo. Lazima umalize."

"Parking brake," Lewis akasoma, kwa sauti ya mhubiri.

"Set," Jelagat akajibu, yaani tayari, iko mahali pake.

"Fuel pumps."

"On."

"Windows."

"Closed."

Lewis aliiweka karatasi chini. Alikuwa akitazama ukuta. "Mume."

"Hiyo haiko kwa list."

"Nimeongeza. Mume."

Simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya ratiba: rubani mmoja ana homa, ndege ya Kisumu haina mtu. "Nakuja," Jelagat alisema, na sauti yake ikasikika ya kazi.

Alipogeuka, Lewis alikuwa ameshatoa shati kwenye hanga. Alimvalisha, akamwekea mistari mabegani, akapitisha kidole kwenye mshono wa mbavu alioushona mwenyewe. Nje, Maxwel, dereva wa teksi aliyeitwa haraka, alipiga honi.

"Ukitoka, ufunguo uachie mama wa mboga," Jelagat alisema.

"Sitoki," Lewis alisema.

Gari lilipanda kuelekea Kinungi, njia ya Nairobi, mlima Longonot ukabaki nyuma. Jelagat alishika simu mapajani. Ofisi ingeweza kupiga tena wakati wowote, kanuni aliijua. Alimfikiria Lewis kwenye kile kiti kimoja, simu mkononi, akingoja. Akapiga.

"Soja?" Haikuita hata mara mbili.

"Tulikatizwa. Soma ya mwisho."

Alimsikia Lewis akivuta pumzi. "Mume."

"Set," Jelagat akajibu. "Nakata."

"Kata, soja."

Akakata. Zilikuwa sekunde kumi hivi, na Maxwel, aliyesikia yote asielewe lolote, alimpa abiria wake kitambaa cha kufutia kioo ajipanguse machozi.