Mlio wa Injini Asubuhi ya Baridi

Kila Jumanne na kila Ijumaa Nthenya aliamka saa kumi na moja alfajiri. Siku hizo alimpeleka baba yake hospitali mjini kusafishwa damu kwa mashine. Figo za Mzee Musili hazikufanya kazi tena. Bila ile mashine, mwili wake ulijaa maji, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Nafasi yake ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mgonjwa aliyechelewa alipunguziwa muda, kwa sababu mwingine alikuwa anakingoja kitanda hicho hicho.

Walikaa Mutuini, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya kupanga iliyopakana na shamba la sukuma wiki. Nthenya alikuwa na gari dogo kuukuu lililotoka Japani. Alilinunua baba alipoanza matibabu, maana mzee alitoka kwenye mashine akiwa hana nguvu ya kupanda matatu. Akishamfikisha hospitali, Nthenya alikwenda kazini, kwenye duka la vitabu vya shule karibu na River Road. Saa tano alirudi kumchukua.

Julai ilikuja na baridi yake. Asubuhi moja Nthenya alipozungusha ufunguo, injini ilitoa mlio. Tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Mlio ulidumu kitambo kidogo, ukaisha. Nthenya akajiambia kwamba ni baridi tu.

Ijumaa ulirudi. Wiki iliyofuata uliendelea mpaka walipofika barabara ya lami.

Tangu hapo Nthenya hakuwa na raha. Aliizima redio ili asikilize injini. Akaanza kuamka kabla ya saa ya kengele, akilala macho wazi, akiwaza kama leo gari litawaka. Hakujua lolote kuhusu injini. Aliogopa kwenda kwa fundi akaambiwa injini imekwisha. Mwishowe alimuuliza baba yake.

Mzee Musili alikuwa dereva wa lori kwa miaka ishirini na sita, akibeba saruji kutoka Athi River hadi Kitui na Mwingi.

"Hiyo oili ni nyepesi kama maji," alisema. "Weka nzito. Lori langu lilikunywa oili nzito miaka yote, na halikunilaza njiani hata siku moja."

Tangu augue, mzee alikuwa haongei tena kwa uhakika juu ya jambo lolote. Alikubali kila alichoambiwa na madaktari. Nthenya alifurahi kuisikia ile sauti yake ya zamani. Jioni hiyo alipita kwa muuzaji wa kando ya barabara, akapimiwa oili nzito kutoka kwenye pipa, ikatiwa kwenye jerikeni isiyo na lebo. Nyumbani aliimimina yote juu ya ile ya zamani. Hakupima chochote, wala hakujua kama kuna kitu cha kupima.

Asubuhi mbili mlio ulipungua, na mzee akatabasamu. Asubuhi ya tatu, siku ya Ijumaa, baridi ilizidi. Injini ilizunguka kwa shida, kama mtu anayeamshwa akiwa na homa. Ilipowaka, ule mlio ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo. Nthenya alikanyaga mafuta ili gari lipate moto haraka. Mzee akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Ijumaa hiyo walifika mtaa wa Satellite, njiani kuelekea mjini, kukiwa bado na giza. Nthenya alikanyaga breki nyuma ya gari jingine, na taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi mbele yake. Ilikuwa na umbo la birika dogo lenye tone mdomoni. Ikazima. Kisha ikawaka tena, ikabaki.

"Baba, kuna taa imewaka."

"Magari haya taa zake huwaka ovyo," mzee alisema. "Twende tu. Tutachelewa."

Nthenya aliendesha polepole, akiwaza. Akisimama, baba atapoteza muda wake kwenye mashine. Asiposimama na injini ikafa, nani atampeleka Jumanne? Na Ijumaa? Na wiki zote zinazokuja? Mbele aliona kituo cha petroli. Akapiga moyo konde, akaingia pale, akazima injini. Akapiga simu kuita teksi.

Teksi ilikawia kuja. Walifika hospitali wakiwa wamechelewa zaidi ya nusu saa. Muuguzi aliitazama saa ya ukutani, akawaambia kwa upole kwamba leo mzee atapata saa tatu badala ya nne. Akamwonya mzee apunguze maji mpaka Jumanne. Nthenya aliangalia miguu ya baba yake ilivyojaa ndani ya soksi. Alitoka nje, akasimama ukumbini mpaka macho yalipokauka. Kisha akapiga simu kazini kuomba ruhusa, akarudi Satellite.

Mhudumu wa petroli alimwelekeza kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya kituo. Mwenye gereji alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Philister Okinyi, aliyevaa ovaroli ya buluu iliyopauka kwa kufuliwa. Nthenya alipoomba gari liwashwe ili fundi asikie mlio, Philister alikataa.

"Taa ya oili ikiwaka, hakuna kuwasha tena," alisema. "Tutaisukuma."

Watu watatu walilisukuma gari mpaka gerejini. Kabla ya kugusa chochote, Philister alimuuliza maswali. Mlio ulianza lini? Unalia injini ikiwa baridi tu, au hata ikiwa moto? Ni mara ya mwisho lini alipima oili?

"Sijawahi kupima," Nthenya alisema, akiona aibu. Akaeleza jinsi alivyoongeza oili nzito ya pipa.

Philister alifungua boneti, akachomoa kijiti kirefu chembamba. Akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa na alama mbili. Alieleza kwamba oili inatakiwa kufika katikati ya hizo mbili. Ya Nthenya haikufika hata ile ya chini. Kisha Philister akainama chini ya gari, akagusa boliti ya kumwagia oili. Kidole kilirudi cheusi.

"Inavuja hapa, tone kwa tone. Ulipoongeza, mlio ulipungua kwa sababu injini ilipata kitu kidogo. Lakini oili bado ilikuwa inatoka."

Nthenya aliuliza kwa nini basi mlio unakuja asubuhi tu.

"Gari ikilala, oili yote inashuka chini ya injini," Philister alisema. "Ukiwasha, pampu inaivuta kuipeleka juu. Kabla haijafika, vyuma vya juu vinagongana vikiwa vikavu. Mlio ukiisha kwa sekunde mbili tatu, usiogope. Ukianza kukaa, hapo gari inakuambia kitu. Na usikanyage mafuta wakati huo. Unavisugua vyuma kabla havijapata oili."

Akafungua kifuniko cha mahali pa kutilia oili, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa kimeandikwa 5W-30.

"Hii ndiyo gari yako inataka. Namba iliyo na W inaonyesha oili inatembea aje kwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika juu haraka asubuhi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto. Wewe uliweka nzito. Injini hii njia zake ni nyembamba. Ni kama kuvuta uji mzito kwa mrija."

"Baba yangu aliitumia kwa lori miaka mingi."

"Na kwa lori lake ilikuwa sawa. Kila injini na oili yake. Gari zingine hazina namba kwa kifuniko. Hapo unaangalia kitabu cha gari, au unauliza mtu anayeijua."

Nthenya hakuwa na raha bado. Aliuliza swali alilokuwa analiogopa tangu alfajiri. Je, injini imeharibika?

Philister alisema hajui bado. Alifungua boliti, akaiachia oili nyeusi ishuke kwenye beseni. Kisha akaipitisha juu ya kitambaa cheupe, kidogo kidogo, akitafuta vipande vya chuma. Nthenya alisimama kando yake akiwa amejikumbatia. Philister alikigeuza kitambaa upande huu na upande ule. Alichukua muda mrefu.

"Hakuna chuma," alisema mwishowe. "Ulizima kwa wakati. Ungefika mjini na hiyo taa, sasa tungekuwa tunatafuta injini nyingine."

Alibadilisha pete ya boliti iliyokuwa inavujisha, akaweka filta mpya ya kuchuja oili. Nthenya alitumwa duka la vipuri la jirani kununua oili. Aliambiwa ahakikishe chupa ina namba ile ile, lebo haijabanduliwa na mfuniko haujawahi kufunguliwa, maana oili ya pipa hakuna ajuaye imetoka wapi. Philister alimimina, akangoja, akapima, akaongeza kidogo. Ndipo akamwambia awashe.

Mlio ulisikika mara moja, ukakatika. Taa nyekundu ilizima. Injini ikabaki ikinguruma chini kwa chini. Nthenya aliuegemeza uso kwenye usukani, akashusha pumzi.

Alipomchukua baba yake hospitali, mzee aliinamia dashibodi. Alikuwa akisikiliza. Mwishowe aliuliza ameweka oili gani. Nthenya alikuwa ameomba moyoni asiulizwe. Mzee alikuwa amepoteza mengi mwaka huo, na yeye hakutaka kumwondolea na hili, ujuzi wake wa magari.

"Nyepesi, Baba. Ile nzito haikuifaa."

Mzee aliivuta soksi kwenye mguu wake uliovimba.

"Kwa hivyo ni mimi niliyejipunguzia saa moja leo," alisema.

"Ulikuwa unanisaidia, Baba. Sote wawili hatukujua."

"Huyo fundi yuko wapi? Nipeleke nimwone."

Nthenya alisita, kwa kuwa mzee alikuwa amechoka, lakini alimpeleka. Philister alimletea kiti na kumwamkia kwa heshima. Mzee alivaa miwani, akasoma kifuniko, akakirudia kukisoma. Aliuliza habari za filta, za boliti, za namba. Philister alimjibu kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake. Akamwambia oili ipimwe kila wiki asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na halijawashwa. Na ibadilishwe kwa wakati wake, isingoje mlio.

Jumanne asubuhi Nthenya alitoka nje na uji, akamkuta baba yake amekwisha fungua boneti. Alikuwa ameshika tochi mkono mmoja na kijiti mkono wa pili.

"Imefika katikati," mzee alisema. "Washa. Usikanyage."

Walifika hospitali mapema, na mzee akapewa saa zake nne. Kwenye kitanda cha pili alilala mgonjwa mpya aitwaye Omollo, dereva wa teksi. Alikuwa akimlalamikia muuguzi kwamba gari lake linagonga kila asubuhi, na kwamba akitoka atalitia oili nzito kabisa.

Mzee Musili aligeuza kichwa polepole, akichunga mkono uliokuwa na sindano.

"Umeipima lini mara ya mwisho?" alimuuliza.

Omollo aliuliza kupima nini. Mzee akaanza kumweleza, tangu mwanzo, na Nthenya akawaacha hapo akaenda kazini.