Kitambaa cha Jumuiya ya Betania

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kufumba macho kusali, kumbe moyoni umemkazia mtu jicho?

Tekla alifanya hivyo. Alifanya Jumamosi asubuhi, sebuleni kwake, mbele ya watu kumi na wanne.

Tekla ni mjane. Anaishi Ilula na anauza nyanya kando ya barabara kuu. Kwa miaka tisa meza yake na meza ya Frida, mama Eveline, ziligusana. Basi likisimama, wote wawili waliinua sado zao, vindoo vya nyanya, hadi dirishani, wakaanza utani wao.

"Msinunue kwa huyu," Frida alisema. "Nyanya zake bado zina usingizi!"

"Muongo! Zangu zimeamka, zimenawa uso, zimeshasali!" Tekla alijibu.

Abiria walicheka, wakanunua kwa wote.

Wote wawili ni Walutheri, wa Jumuiya ya Betania. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya biashara, jumuiya husali katika nyumba moja. Wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani. Betania wana kitambaa cha meza, cheupe, kimedariziwa msalaba kwa uzi mwekundu. Kitambaa hicho hutembea na zamu. Ukimaliza zamu yako unakifua, unakitia wanga, unakipiga pasi. Kisha unakipeleka wewe mwenyewe nyumba inayofuata. Humtumi mtoto. Kitambaa kikifika, nyumba ile inajua kwamba Jumamosi ni kwake.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Didas, mume wa Frida, alikuwa katibu wa tawi la chama kimoja. Tekla alipenda chama kingine. Haikuwa shida. Walitaniana kwa vyama kama walivyotaniana kwa nyanya.

Lakini baada ya kura mambo yaliharibika. Mijini kulitokea vurugu. Mabasi yalipungua, nyanya zikaozea kwenye matenga. Mtandao ulikatika na simu zikawa za shida. Shadrack, mtoto pekee wa Tekla, ni fundi pikipiki Mbeya mjini. Mama yake alipiga siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakupatikana.

Barabarani watu walisema mengi. Mmoja alisema, "Wenzake Didas ndio wanaoonyesha nyumba za vijana wa kukamatwa. Na Didas mwenyewe hayupo, ameenda huko Mbeya." Nani alimwambia? Tekla hakuuliza. Aliyabeba maneno yale hadi nyumbani kama anavyobeba tenga, kichwani, kwa mikono miwili.

Jumamosi ile zamu ilikuwa yake. Frida alifika mapema, akavua ndala, akakaa karibu na mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Mara mbili alifungua mdomo, akaufunga. Tekla aliona, akajifanya hakuona. Ulipofika wakati wa kuulizana mahitaji ya kuombewa, yeye aliruka moja kwa moja kwenye sala.

"Baba," alisema kwa sauti kubwa, "wapo waliotuletea kilio hiki. Wengine wamo humu ndani, wameinamisha vichwa. Waondoe, Baba! Na watoto wao wapotee, ili nao waonje!"

Mtu mmoja tu alisema, "Amina!" Frida alisimama kabla sala haijaisha. Alifunga khanga yake kiunoni, akatoka. Aliondoka pekupeku. Ndala zake zilibaki mlangoni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Frida, lakini kitambaa hakikutoka kwa Tekla. Kilikaa kwenye kiti, kimekunjwa kichafu, kina doa la chai. Hakuna aliyesali na mwenzake. Huko barabarani Frida alikuwa ameihamisha meza yake hadi kule chini, karibu na kalavati.

Mchana wa siku hiyo alikuja Yotamu, mwinjilisti wa mtaa wao. Buti zake zilijaa tope.

"Kamwene, mama Shadrack."

"Kamwene, mwinjilisti. Karibu ndani."

Tekla alimletea chai na viazi vya kuchemsha. Yotamu alimenya kiazi kimoja taratibu.

"Nasikia Betania imelala," alisema.

"Imekufa. Siwezi kukaa na watu wale."

"Watu gani?"

"Wa chama kile."

"Ahaa. Mimi nilidhani ni mama Eveline."

Tekla alitazama ndala za mlangoni. Kisha alipandisha sauti.

"Unataka ninyamaze, mwinjilisti? Mwanangu sijui alipo!"

"Sijasema unyamaze. Lia, uliza, tafuta. Twende wote ofisi ya kata, nitakusindikiza. Na ukiona uovu sema ni uovu, hata kama ameufanya mtu wa chama chako. Hiyo ni kazi ya Mkristo. Lakini wewe hukufanya hivyo Jumamosi ile."

"Nilisali."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mungu."

"Mungu ana matatizo ya masikio? Ulikuwa unamwambia Frida, mama. Ulimfanya Mungu kipaza sauti chako."

Tekla alitaka kucheka, lakini machozi yalimtangulia.

"Na hilo la Didas uliliona kwa macho?" Yotamu aliuliza.

"Nililisikia."

"Siku zile za vurugu Didas alikuwa Kilolo, anamzika shangazi yake. Ibada ya mazishi niliongoza mimi."

Tekla aliweka kikombe chini.

"Sikiliza," Yotamu aliendelea. "Tukienda kusali, fulana za chama tuziache nyumbani. Katika sala tusikitaje chama chochote, si kukisifu, si kukilaani. Tuwaombee wanaotawala na wanaowapinga. Tuwaombee walioumia, wa upande wowote. Na habari usiyojua ilikotoka, iishie kwako. Siasa tuongee, ni haki yetu wananchi. Ila pale katikati ya meza ni pa Kristo. Yeye aliwaombea hata waliompigilia misumari. Ukimtoa pale, chama kitakaa. Na chama hakitakuja kukushika mkono usiku wa msiba."

"Na nikishindwa kumwombea Didas?"

"Basi anza kwa kufua."

Yotamu alipoondoka, Tekla alikiloweka kitambaa. Alilisugua doa mara tatu. Alipika wanga mwepesi wa unga wa muhogo, akakichovya, akakianika uani. Kabla hakijakauka kabisa alitia mkaa kwenye pasi. Alipiga kingo kwanza, kisha katikati. Kwenye msalaba alikigeuza, akapiga kwa nyuma, uzi usiungue. Mkono wake ulipopita pale, midomo yake ilitaja jina la Shadrack. Baadaye ilitaja la Frida. La Didas lilichelewa, lakini lilitoka.

Jioni alizisafisha ndala za Frida, akampelekea pamoja na kitambaa. Frida alifungua mlango nusu.

"Mama Eveline," Tekla alisema, "nilisali vibaya. Niliyoyasikia juu ya mumeo sikuyajua ukweli wake. Na lile la watoto, sikupaswa kulitoa kinywani. Nisamehe."

Frida alikishika kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Doa halijatoka lote."

"Nimesugua mara tatu!"

"Ungetia ndimu, wewe." Alizivaa ndala zake. "Jumamosi ni mbali. Iwe Jumatatu, saa kumi na mbili. Usichelewe."

Jumatatu walikuja kumi na wawili. Wawili hawakuja. Mzee Zabron alikuja na fulana ya chama. Ilikuwa ya chama kile cha Tekla. Didas alimpokea mlangoni, akavua koti lake.

"Vaa, mzee wangu. Kuna baridi."

Zabron aliitazama fulana yake, akaelewa. Alilivaa koti, akalifunga hadi kifungo cha juu.

Simu zilirudi sawasawa Jumatano ya wiki ile, na nyumba nyingi za Ilula zilisikia sauti za watoto wao. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu hakuna aliyejua hayo. Walikaa kuizunguka meza, kitambaa cheupe katikati, hata doa lilionekana. Frida alimpa Tekla nafasi ya kuongoza. Safari hii Tekla hakuruka kitu.

"Kabla hatujasali," alisema kwa sauti ya chini, "nani ana hitaji?"

Frida aliushika upindo wa khanga yake, akauzungusha kidoleni.

"Jumamosi ile nilikuja na hitaji," alisema. "Nilikaa mlangoni nikitafuta pa kuanzia. Ninyi mnadhani Eveline yuko Ipogolo kwa mama yake mkubwa. Hayupo. Alikwenda Mbeya wiki ya uchaguzi kutafuta kazi. Tangu siku hiyo hapatikani, kama Shadrack."

Aliinua uso, akamtazama Tekla.

"Nilitaka kusema hivi tu: niombeeni mwanangu."