Shikamoo ya Bi Dina

Siku aliyokutana na Dina, Sostenes alikuwa amekataliwa kwa heshima mara nne tangu asubuhi. Kila ofisi ya bima aliyoingia mjini Singida walimwamkia shikamoo, wakamvutia kiti, wakasoma leseni yake, halafu wakamweleza kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa kwamba kampuni haitoi bima kubwa kwa dereva aliyevuka sabini na tano. Leseni ilisema ana sabini na sita. Ofisi ya nne walimpa na maji ya kunywa, na hayo maji yalimuudhi kuliko maneno.

Basi alikuwa akirudi nyumbani Mwankoko na hasira zake, akapitia soko la vitunguu la Misuna, akakuta njia imezibwa. Mbele lori linapakia, nyuma lori jingine limejichomeka, makuli wanagombana, maganda ya vitunguu yanarushwa huku na huko na ule upepo wa Singida usiojua kupumzika. Dereva mwingine angepiga honi mpaka betri iishe. Sostenes alitazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akairudisha nyuma Hilux yake nyeupe hatua thelathini katikati ya magunia bila kugusa hata kamba.

"Shikamoo mzee," sauti ya mwanamke ikasema dirishani. "Aliyekufundisha kuendesha bado yupo? Nina mpwa wangu nataka nimpeleke."

"Marahaba. Walionifundisha wamekufa wote. Nimebaki mimi."

Mwanamke akacheka. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na miwani ilining'inia kifuani kwa mkufu. Nyuma yake kulikuwa na kijiofisi kilichobanwa kati ya stoo mbili za vitunguu, na juu ya mlango bango: WAKALA WA BIMA ZA MAGARI. Sostenes alilisoma bango, akamtazama mwenyewe, akazima gari.

"Ofisi ya tano," alisema alipokaa ndani. "Maji sinywi."

Dina alikuwa Mnyiramba wa Kiomboi, mjane wa miaka sitini na sita, na kazi ya bima alikuwa ameianza baada ya kustaafu ualimu. Aliikagua leseni, akamwuliza amepata ajali ngapi. Sostenes akamwambia hajapata hata moja katika miaka hamsini na minne, tangu lori la misheni ya Kilimatinde mpaka leo. Akamwambia pia lililomleta. Mwanawe Calist, aliyeko Dodoma, alikuwa ametoa neno: bima ya sasa inaisha mwisho wa mwezi, na baba asipopata bima kubwa nyingine gari linauzwa. Mnunuzi alishapatikana.

"Anadhani nitakaa kibarazani nihesabu magari ya wenzangu," alisema Sostenes.

"Bima haipatikani kwa wanaokata tamaa, mzee. Nipe namba yako ya simu."

Kuanzia siku hiyo simu ya Sostenes ililia kila asubuhi saa moja kamili. Dina alikuwa akimpa habari za kampuni iliyokataa jana na kampuni atakayoisumbua leo. Baada ya wiki moja habari za kampuni zilichukua dakika mbili na mazungumzo mengine dakika arobaini. Sostenes akaanza kupita Misuna bila sababu, mara na kuku wa kienyeji, mara na dumu la mafuta ya alizeti. Shati lilikuwa limepigwa pasi hadi kola, na ndevu alikuwa amenyoa mara mbili. Jumamosi moja walikwenda kula samaki kando ya ziwa Singidani, na Dina akasema gari lake linanukia sabuni kuliko wanaume wengi anaowajua. Sostenes aliyabeba maneno hayo siku tatu.

Alimpenda. Hakujificha nafsini mwake, alimpenda vibaya sana. Tatizo lilikuwa shikamoo. Kila simu ilianza na shikamoo na kila kikao kikaanza na shikamoo, maana huku kwetu mtu aliyekuzidi miaka kumi ni mtu wa kuamkiwa, hata awe amenyoa mara tatu. Marahaba ni jibu tamu kwa mjukuu. Kwa mwanamke unayemtaka ni ukuta wa matofali, na Sostenes alikuwa akiupandisha kila siku kwa mdomo wake mwenyewe.

Na tofali la kwanza alikuwa ameliweka yeye zamani. Mwaka sabini na moja, misheni ilipotafuta dereva, walitaka kijana wa ishirini na moja kwenda juu. Sostenes alikuwa na kumi na sita, mrefu kama mlingoti, anajua gari kwa kuliosha. Akasema ana ishirini na mbili. Karani akaandika, serikali ikaandika, na uongo ule ukazeeka pamoja naye. Angeweza kuusema katika ofisi yoyote kati ya zile nne na bima ingetoka. Lakini alijulikana Singida nzima kama mtu ambaye neno lake halipindi, na alikuwa tayari kukosa gari kuliko kukosa hilo.

Alisahau jambo moja, kwamba Dina kazi yake ni tarehe za kuzaliwa. Pale Singidani, Sostenes alimsimulia kwa furaha jinsi alivyoiona sherehe ya Uhuru, mwaka sitini na moja, akiwa mabegani kwa baba yake. Dina akauliza baba yake alikuwa mtu wa nguvu kiasi gani, kisha akaomba chumvi. Kwa leseni ile, mtoto wa mabegani angekuwa na miaka kumi na miwili.

Jumatano iliyofuata Dina hakupiga simu. Alipiga Alhamisi.

"Umeamkaje, Sostenes?"

Sostenes aliitoa simu sikioni akaitazama. Hakuna shikamoo, hakuna mzee. Mwanamke huyu wa adabu zake zote alikuwa amemsalimia kama anavyosalimiwa mpiga debe. Siku zake za bima zilikuwa zimebaki kumi, na akili yake ikakimbilia mahali pamoja tu: hata huyu ameshanihesabu mtu aliyekwisha.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Dina. Jana nilikuwa Kilimatinde. Nimekuta kitabu cha ubatizo, na wewe umo, umezaliwa mwaka hamsini na tano. Wameniandikia nakala ikapigwa muhuri. Sostenes, una sabini. Bima unapata kesho."

Mwingine angeruka kwa furaha. Sostenes aliona mlango wa siri yake umefunguliwa bila kubishwa hodi, na aliyeufungua hata kuamkia hajaamkia.

"Kwa hiyo umekwenda kunichimba," alisema. "Mzee wa sabini na sita hakufai, mpaka utafute kijana vitabuni."

"Siyo hivyo. Nilitaka..."

"Ulitaka niingie kwenye bima kwa mlango wa nyuma. Na heshima umeiacha hukohuko Kilimatinde."

Dina akasema taratibu, "Haya. Shikamoo, mzee," na simu ikakatika.

Siku saba saa moja asubuhi ilipita bila mlio. Sostenes alikuwa akiiosha Hilux kila siku ingawa hakwenda popote. Alijiambia amelinda heshima yake, na heshima yake ilikaa naye mezani, haipiki wala haiongei. Siku ya saba alikubali mwenyewe kwamba ameumia, na kwamba aliyemuumiza ni Sostenes.

Jioni hiyo ukaja ujumbe, mkavu kama risiti. Kampuni moja imekubali kumpima barabarani dereva wa umri wowote. Mkaguzi anaitwa Antipasi. Kesho saa tatu, kwenda na kurudi mlima Sekenke. Wakala lazima awepo. Shikamoo.

Antipasi alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye karatasi kwenye kibao, akakaa dirishani. Dina alilazimika kukaa katikati, kwenye gauni la bluu, mkoba mapajani kama ukuta. Kutoka Singida hadi Misigiri aliongea Antipasi peke yake. Alisema kwa uzoefu wake madereva wa umri huo huwa wanaona mbali lakini wanachelewa kuamua.

Walipofika kichwani mwa Sekenke, pale barabara inapoinamia bonde na kuanza kujizungusha, Sostenes aliweka gia ya pili.

"Mbona mapema hivyo?" akauliza Antipasi.

"Gia ya kupandia mlima ndiyo ya kushukia. Breki ni za kusimamia."

Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kabla ya ya tatu Sostenes alishusha kioo, akainua pua, akatega sikio. Kisha akawasha taa ya kushoto, akatoka barabarani hadi kwenye changarawe, akasimama kabisa.

"Mzee, sijakwambia usimame."

"Kuna lori nyuma yetu, breki zimechemka. Tulipishe."

Antipasi aligeuka akaona barabara tupu. Alifungua mdomo aseme, na hapo lori likatokea konani, refu, limejaa, moshi wa bluu ukitoka magurudumuni, honi imekwama. Likapita pale pale ambapo wangekuwa, Hilux ikatikisika, likaenda kusimama kwenye tambarare kule chini. Mkono wa Dina ulikuwa umeshika mkono wa Sostenes juu ya gia. Hakuna aliyeutoa.

Walipofika chini, wakahakikisha dereva wa lori ni mzima. Antipasi akajifuta jasho, akaandika kwa muda mrefu.

"Nimepitisha," alisema. "Sostenes, miaka sabini na sita, bima kubwa. Weka sahihi hapa."

Sostenes alichukua kalamu, akairudisha. Alikuwa na haya na alikuwa na fahari, vyote kwa pamoja.

"Umeshanipitisha nikiwa na sabini na sita?"

"Nimeshakupitisha."

"Basi futa, andika sabini. Nilimdanganya karani nikiwa mtoto ili nipate kazi. Nakala ya ubatizo anayo huyu mama. Nilitaka kwanza mnipitishe mzee, asije mtu akasema nimebebwa na ujana."

Antipasi alimtazama, akacheka mpaka kibao kikaanguka. Akasema itabidi akaape kwa hakimu na leseni irekebishwe, lakini bima haitazuilika. Sostenes akamgeukia Dina.

"Ile asubuhi hukunipa shikamoo. Niliona umenidharau."

"Nilikwenda Manyoni kwa basi, nikapanda kilima kile cha Kilimatinde na magoti yangu haya," alisema Dina, "kutafuta ruhusa ya kuacha kukuamkia. Mtu nitampendaje huku nampa shikamoo kama babu yangu? Ukanijibu kama mimi mwizi."

"Nimekosa, Dina. Nisamehe."

Hakusema zaidi, na kwa mtu wa kiburi chake yalikuwa mengi. Antipasi akakohoa, akauliza kama fomu iwe na dereva wa pili.

"Andika Dina. Leseni anayo."

"Uhusiano?"

"Muulize mwenyewe."

Dina alivaa miwani yake, akaisogeza fomu, akaisoma nafasi ile iliyo wazi. "Andika mke," alisema. "Tarehe ya mahari nitakutumia."

Ndipo Sostenes akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka hamsini na minne. Alishuka, akazunguka gari, akampa Dina ufunguo. Dina akaipandisha Hilux mlima kwa gia ya pili, kilemba kimeinuka, na Sostenes katikati, miguu yake ikikanyaga breki ambazo hazipo.

Walikuwa hawajafika Misigiri simu ikalia. Ni Calist. Mnunuzi anataka jibu leo, bima vipi?

"Imetoka," alisema Sostenes. "Mwambie mnunuzi atafute gari lingine."

"Mbona nasikia gari linaenda? Baba, usiongee na simu ukiwa unaendesha."

"Siendeshi mimi."

"Anaendesha nani? Wewe wa kuachia usukani wako?"

Sostenes alimtazama Dina, jinsi alivyoshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, anatabasamu bila kugeuka.

"Anaendesha mama yako mdogo," alisema. "Mwamkie."