Kilabu cha Mjomba

Kila Jumamosi Askari alifagia ua huku mama yake akipiga pasi nguo za wateja. Hakuwa askari wa kweli. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna kilichompita bila kukaguliwa. Siku hizi alimkagua mjomba wake.

Mjomba alikuwa na skizofrenia. Aliwahi kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akalazwa, akapewa dawa, akapata nafuu. Daktari alimkataza pombe kabisa. Lakini kila Jumamosi aliaga, "Naenda kilabu," na mtaani kwao kilabu ni mahali pa pombe! Alirudi mikono ikimtetemeka, akimung'unya pipi. Za kuficha harufu, hizo! Askari aliogopa mjomba atalazwa tena, na safari hii asitoke.

Basi Jumamosi moja akavificha viatu vya mjomba. Mjomba alivitafuta wee, akakata tamaa, akajifungia chumbani. Hakula mchana. Jioni alisikika akibishana na mtu, na chumbani alikuwa peke yake.

"Hodi!" Mlangoni walisimama fundi cherehani na mzee mmoja.

"Mwenzetu yupo?" fundi akauliza. "Leo hakuja kilabu."

Askari akashika kiuno. "Kumbe nyinyi ndio mnaomlewesha!"

Mzee akaangua kicheko. "Kwa chai, mjukuu wangu? Labda sukari ilizidi!"

"Kilabu chetu ni chumba cha zahanati," fundi akaeleza. "Tunaougua kama mjomba wako tunakutana, tunacheza drafti, tunazungumza. Mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa. Dawa hizo hizo zinakausha mdomo, ndiyo maana tunakula pipi. Asiyekuja tunamfuata, maana upweke unaturudisha nyuma."

Askari alilia kwa aibu. Akavileta viatu, akakiri kila kitu kupitia tundu la mlango. Kisha mzee akaita, "Toka, bwana, bado unanidai mchezo mmoja!" Kitasa kikazunguka.

"Ungeniuliza tu, Askari," mjomba alisema kwa sauti ya uchovu, akaketi katikati ya wenzake.

Mama akaizima pasi. "Mwanangu, kumjali mtu si kumpeleleza. Ukiwa na shaka, uliza kwanza. Hata mimi nakaa naye nyumba moja, sijawahi kumuuliza huko anafanya nini. Leo amekosekana mara moja tu, na hawa wamekuja kumuulizia."